SIRI, MWALIMU NA DARASA: JINSI TIBA YA ASILI YA KICHINA INAVYOFUNDISHWA, NA FUNZO LAKE KWA UNGUJA

Utangulizi

Watu wa Unguja wameizoea tiba itokayo China kwa muda mrefu. Tangu miaka ya 1960 madaktari wa Kichina, hasa kutoka jimbo la Jiangsu, wamekuwa wakija kwa zamu kufanya kazi katika hospitali ya Mnazi Mmoja, ambayo wakati mmoja iliitwa Hospitali ya V. I. Lenin, na katika hospitali ya Abdulla Mzee iliyoko Mkoani, Pemba. Wengi wa madaktari hao ni mabingwa wa tiba ya kisasa, kama vile upasuaji na magonjwa ya wanawake. Lakini wamekuwamo pia waliofundishwa tiba ya asili ya kwao, wenye kutumia ile sindano nyembamba isiyokuwa na dawa ndani yake.

Swali linaloulizwa barazani juu ya tiba hiyo huwa ni moja: Je, inaponya? Swali hilo ni la haki, na jibu lake hutofautiana kwa kila dawa na kwa kila ugonjwa. Makala haya yanauliza swali jingine ambalo kwa kweli hutangulia hilo la kwanza. Huyu anayeshika sindano, au anayepima mizizi katika mizani, alifundishwa na nani? Alifundishwa kwa njia gani? Na ni nani aliyehakikisha kwamba amejua kabla ya kumwachia mgonjwa?

Ndugu msomaji, maswali haya hayawahusu Wachina peke yao. Sisi pia tuna waganga, wakunga na wauza dawa za miti shamba, na ujuzi wao umo katika hatari ya kutoweka. China ilifikwa na hatari kama hiyo karne iliyopita, ikachukua hatua, ikapata faida na hasara zake. Tukizichunguza hatua hizo tutajua lipi la kuiga na lipi la kuepuka.

Njia tatu za kurithisha ujuzi

Mwishoni mwa miaka ya 1980 mtafiti Elisabeth Hsu, mtaalamu wa elimu ya jamii na utamaduni wa binadamu, alikaa katika mji wa Kunming, kusini-magharibi mwa China, akijifunza jinsi tiba inavyorithishwa. Matokeo ya kazi yake yalitolewa katika kitabu mwaka 1999. Baadaye mtafiti huyo huyo alikuja Tanzania, Bara na Visiwani, kuchunguza jinsi dawa za Kichina zilivyopokewa huku. Katika kitabu chake alizitenga njia tatu.

Njia ya kwanza ni ya siri. Mganga anao ujuzi ambao hauonyeshi kwa watu. Humchagua mtu mmoja, mara nyingi wa ukoo wake, na kumpa kidogo kidogo kwa masharti. Mwanafunzi haulizi sana. Huiga, hukariri, hutii. Nguvu ya ujuzi huo, machoni pa watu, ni kule kufichwa kwake.

Njia ya pili ni ya mwalimu na mwanafunzi wake. Mwalimu anajulikana, na vitabu vyake vinajulikana. Vitabu hivyo ni vya kale na lugha yake ni ngumu, kwa hiyo havisomeki bila ya mtu wa kuvifasiri. Mwanafunzi hukaa na mwalimu miaka mingi, husoma sentensi moja na kuona wagonjwa kumi, kisha huirudia sentensi ile akaiona kuwa ina maana nyingine.

Njia ya tatu ni ya darasa. Kuna chuo, kuna muhtasari wa masomo, kuna kitabu kimoja kwa wanafunzi wote, na kuna mtihani. Mwalimu akiondoka huja mwingine akaendelea pale pale alipoachia mwenzake.

Njia hizo tatu hapa kwetu

Msomaji wa Unguja ataziona njia hizo tatu kuwa si ngeni. Ile ya siri tunaijua. Wapo waganga ambao dawa zao huchimbwa alfajiri, na mchimbaji hasemi na mtu njiani. Wapo wengine ambao wameupata uganga kwa urithi wa babu au bibi, na hawautoi nje ya nyumba.

Njia ya mwalimu na mwanafunzi nayo ina heshima kubwa katika historia ya Mji Mkongwe, ingawa umaarufu wake ni katika elimu ya dini zaidi kuliko tiba. Wanavyuoni kama Sayyid Ahmad bin Sumayt na Sheikh Abdallah Bakathir, ambao wote wawili walifariki mwaka 1925, walisoma kwa kumkalia mwalimu na kitabu chake hadi wakapewa ijaza, yaani idhini ya kukifundisha kitabu hicho. Ijaza huonyesha mlolongo: huyu alisoma kwa fulani, naye alisoma kwa fulani. Elimu ya tiba iliyoandikwa kwa Kiarabu, ambayo hueleza afya kwa mizani ya joto na baridi, ukavu na unyevu, ilipita katika mikono ya watu waliozoea utaratibu huo huo. Atakayeifahamu mizani hiyo ya joto na baridi hatastaajabu akiambiwa kwamba Wachina nao hupima maradhi kwa jozi ya yin na yang. Hata kuumika kwa chuku, yaani pembe ya ng'ombe inayobandikwa mwilini ili kuvuta damu, kuna mwenzake China, ambako hutumiwa vikombe vya mianzi au vya kioo.

Njia ya darasa tunayo kwa tiba ya kisasa: wauguzi, maofisa tabibu na madaktari wetu wote hupitia chuoni. Lakini kwa tiba ya asili darasa halijapata mizizi. Mamlaka husajili waganga na kuwapa vyeti vya kufanya kazi. Lakini kumsajili mtu ni jambo moja, na kumfundisha ni jambo jingine.

Kutoka sanamu ya shaba hadi chuo kikuu

Ni kosa kudhani kwamba darasa la tiba nchini China lilianza jana. Mwaka 1027, wakati wa ufalme wa Song, tabibu Wang Weiyi alisimamia utengenezaji wa sanamu mbili za shaba zenye kimo cha mtu, zilizotobolewa mahali pote pa kuchoma sindano. Inasimuliwa kwamba siku ya mtihani sanamu ilipakwa nta ili matundu yasionekane, na ndani yake ikatiwa maji. Mwanafunzi alitakiwa achome. Akipatia, maji hutoka. Akikosea, sindano hugonga shaba. Hakuna aliyeweza kudai kwamba anajua huku hajui.

Hata hivyo, kwa karne nyingi idadi kubwa ya matabibu wa China walifunzwa nyumbani na kwa walimu binafsi. Kitabu mashuhuri cha dawa cha Li Shizhen, kilichokamilika mwaka 1578 baada ya kazi ya miaka 27, na ambacho kinaeleza dawa zipatazo 1,892, kiliandikwa na mtu aliyetoka katika ukoo wa matabibu.

Hatari ilikuja karne ya ishirini. Mwaka 1929 serikali ya wakati ule ililetewa pendekezo la kuifuta tiba ya asili kwa hoja kwamba inazuia maendeleo. Matabibu walikusanyika mjini Shanghai mwezi Machi mwaka huo kupinga, na pendekezo halikutekelezwa. Lakini somo lilieleweka: ujuzi usiokuwa na chuo, mtihani wala sauti ya pamoja unaweza kufutwa kwa azimio la siku moja.

Baada ya mapinduzi ya 1949 serikali mpya ilishika njia nyingine. Mwaka 1956 vilifunguliwa vyuo vinne vya tiba ya asili katika miji ya Beijing, Shanghai, Guangzhou na Chengdu. Walimu wazee waliokuwa wakifundisha kila mmoja kwa namna yake waliitwa wakae pamoja waandike vitabu vya kiada. Kazi hiyo ilikuwa ngumu, kwani mambo ambayo vitabu vya kale viliyaacha yapingane, kitabu cha kiada kilitakiwa kiyapatanishe.

Mwanafunzi wa leo anasoma nini

Leo kozi ya shahada ya kwanza ya tiba ya asili ya Kichina huchukua miaka mitano. Mwanafunzi kutoka Tanzania kwa kawaida huanza kwa kujifunza Kichina kwanza. Kisha huingia katika masomo ambayo ni ya pande mbili. Upande mmoja anasoma muundo wa mwili, kazi za viungo, vijidudu na famasia, sawasawa na mwanafunzi yeyote wa udaktari. Upande wa pili anasoma nadharia ya asili: yin na yang, nguvu ya uhai iitwayo chi, na njia 14 ambazo chi inasemekana kupita mwilini, zenye vituo 361 vya kuchoma sindano. Mwaka 2006 wataalamu walioitwa na Shirika la Afya Duniani walikubaliana juu ya mahali pa kila kituo, kwa sababu hata walimu wenyewe walikuwa wakihitilafiana.

Hufundishwa kumchunguza mgonjwa kwa njia nne: kutazama, hasa ulimi, kusikiliza na kunusa, kuuliza, na kugusa, hasa mapigo ya mshipa kifundoni mwa mkono, kwa vidole vitatu. Mapigo hugawanywa katika aina 28. Michanganyiko ya dawa ni mingi, kwa hiyo hukaririwa kwa mashairi ya vina, kama vile watoto wetu wa chuoni wanavyokariri. Mwaka wa mwisho hutumika hospitalini.

Yafaa tuseme wazi kwamba kufundishwa kwa utaratibu hakufanyi kila kinachofundishwa kuwa kweli. Sayansi haijapata kuiona chi kwa chombo chochote, wala njia zile 14. Kwa maumivu fulani ya muda mrefu, kama ya mgongo na goti, majaribio yameonyesha kwamba tiba ya sindano huleta nafuu kiasi. Lakini sehemu kubwa ya nafuu hiyo hupatikana pia pale sindano inapochomwa pasipo mahali pake. Darasa linatuwezesha kuuliza maswali kama hayo, kwa sababu linasema hadharani linachofundisha.

Faida ya darasa: jina na mmea

Faida kubwa ya darasa ni kumlazimisha mtu akitaje kitu kwa jina ambalo wote wanalikubali. Ukosefu wa jambo hili umeua watu.

Mapema katika miaka ya 1990, mjini Brussels, wanawake waliokuwa wakitibiwa ili wapunguze unene walipewa vidonge vyenye mizizi ya Kichina. Mmea uliokusudiwa ulikuwa Stephania tetrandra, ambao Wachina huuita fangji. Lakini kuna mmea mwingine uitwao fangji pia, nao ni Aristolochia fangchi, wenye sumu iharibuyo figo. Mmoja ulichukua nafasi ya mwingine. Wanawake zaidi ya 100 waliharibika figo, wengi wao wakahitaji kusafishwa damu kwa mashine au kupandikizwa figo nyingine, na baadhi yao baadaye walipata saratani. Jina lilikuwa sahihi. Mmea haukuwa sahihi.

Unguja tunao mtego huo huo. Mmea mmoja huweza kuwa na majina mengi: Moringa oleifera huitwa mlonge, mronge au mzunze, kutegemea mahali. Na mimea miwili huweza kufanana kwa jicho lisilofunzwa: mwarobaini, ambao karibu kila nyumba inaujua, una jamaa yake aitwaye Melia azedarach, anayefanana nao kwa majani, lakini ambaye matunda yake ni sumu.

Hapa sina budi kueleza kosa langu mwenyewe. Miaka ishirini na ushei iliyopita, nikiwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, nilikwenda wakati wa likizo katika kijiji kimoja cha kusini ya Unguja kukusanya majina ya miti ya dawa. Alinipokea mzee mmoja aliyekuwa akitibu watoto.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kesho alfajiri tutoke, nikakuonyeshe miti huko maweni."

Nilimjibu kwamba hapana haja ya kujisumbua. Anitajie majina tu, nami nitaandika. Kwa kweli nilikuwa na haraka ya kurudi mjini. Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Jina utaliandika. Mti je?" Lakini kwa kuwa nilikuwa mgeni wake, akanitajia majina thelathini na kadhaa, na la kila dawa akaeleza matumizi yake. Nilijiona nimefanya kazi nzuri sana.

Niliporudi kutoka masomoni ng'ambo mzee alikuwa amekwisha kufariki. Daftari ninalo mpaka leo. Mengi ya majina yale nimeyapata katika kitabu cha R. O. Williams juu ya mimea ya Unguja na Pemba, kilichochapishwa mwaka 1949, au nimeonyeshwa mimea yenyewe na wanakijiji. Lakini yamebaki majina ambayo kila nikiyauliza, mzee huyu hunionyesha kichaka hiki na yule hunionyesha kile. Jamaa za marehemu walinikaribisha vizuri, lakini hakuna miongoni mwao aliyefuata kazi yake. Kwa hiyo ninao ujuzi ulioandikwa ambao haumsaidii mtu yeyote. Na mtu akiutumia kwa kukisia, anaweza kumdhuru mtoto. Mzee hakunificha siri. Alikuwa tayari kunifundisha, nami nikachagua njia ya mkato.

Hasara ya darasa

Wachina nao waligundua kwamba darasa lina upungufu wake. Kitabu cha kiada kinaweza kueleza kwamba kuna mapigo ya mshipa yanayoteleza na mapigo yaliyokaza kama uzi wa ala ya muziki. Hakiwezi kukipa kidole cha mwanafunzi uwezo wa kutofautisha. Walimu wakongwe walianza kulalamika kwamba vijana wanafaulu mitihani lakini kitandani pa mgonjwa wanategemea vipimo vya maabara peke yake. Na kwamba hitilafu za maoni baina ya walimu, ambazo zamani zilimfanya mwanafunzi afikiri, zimelainishwa hadi zikapotea.

Hivyo mwaka 1990 serikali ya China ilianzisha mpango wa kuwachagua matabibu wazee wapatao 500 na kumpa kila mmoja wao wanafunzi waliokwisha kuhitimu, ili wakae naye na kumfuata kazini. Sheria ya tiba ya asili iliyoanza kutumika Julai 1, 2017 ilikwenda mbele zaidi: mtu aliyejifunza kwa uanagenzi bila ya kupita chuo kikuu anaweza kupata leseni, mradi apendekezwe na matabibu wenye leseni na apimwe ujuzi wake wa vitendo.

Tazama basi mwendo wenyewe. Taifa lililojenga vyuo vingi kwa ajili ya tiba yake ya asili limelazimika kumrudia mwalimu mmoja na mwanafunzi wake. Halikuvifunga vyuo, limeziunganisha njia mbili. Na ile ya siri, ambayo haikubali kupimwa na mtu yeyote, ndiyo pekee isiyokuwa na mlango katika sheria hiyo.

Mwanafunzi aliyesoma pande zote mbili

Matunda ya kuunganisha njia hizo yameonekana hapa hapa Unguja, ingawa wengi hatujui yalikotoka.

Tu Youyou alihitimu masomo ya famasia mjini Beijing mwaka 1955. Baadaye alipelekwa katika kozi ya miaka miwili na nusu ambapo watu waliosoma sayansi ya kisasa walifundishwa tiba ya asili. Mei 23, 1967 China ilianzisha mradi wa kutafuta dawa mpya ya malaria, na mwaka 1969 Tu alipewa uongozi wa kikundi kimoja cha utafiti. Kikundi kilikusanya maelezo ya dawa zaidi ya 2,000 kutoka katika vitabu na kwa matabibu wazee, kikachagua 640 na kuyachapisha katika kijitabu.

Mmea mmoja, uitwao qinghao, ulionyesha dalili njema kisha ukashindwa. Tu alirudi kwenye kitabu cha Ge Hong cha karne ya nne. Humo dawa haikuelezwa kuwa ichemshwe. Mmea huloweshwa katika maji, hukamuliwa, na maji yake hunywewa. Akawaza: huenda ni moto unaoiharibu dawa. Akaitoa kwa etha, ambayo huchemka kwa joto dogo, na mwaka 1971 dawa ikawaua vijidudu vyote vya malaria katika panya. Tena ilionekana kwamba jina qinghao lilibeba mimea zaidi ya mmoja, na kwamba ni Artemisia annua tu iliyokuwa na dawa ya kutosha. Hapo tena tunakutana na suala la jina na mmea. Dawa hiyo ni artemisini, na mwaka 2015 Tu alipewa Tuzo ya Nobel.

Mtu aliyesoma famasia peke yake asingekisoma kitabu cha Ge Hong. Na tabibu aliyesoma kitabu peke yake asingekuwa na etha wala panya wa majaribio.

Mwaka 2003 Zanzibar iliacha klorokwini, ambayo ilikuwa imeshindwa nguvu, ikaanza kutumia dawa mseto zenye asili ya artemisini. Pamoja na vyandarua na upigaji dawa majumbani, malaria ilishuka sana, na kwa miaka mingi baada ya hapo maambukizi yalikaa karibu na asilimia 1 au chini yake. Lakini jambo hili lisimpotoshe mtu akajipikia chai ya mmea huo nyumbani. Shirika la Afya Duniani halishauri hivyo, kwa sababu kiasi cha dawa katika majani hubadilika, na dozi pungufu huwafunza vijidudu ukaidi.

Dawa ilipovuka bahari

Tanzania Bara ilianza ushirikiano rasmi na China katika tiba ya asili mwaka 1987, pale wataalamu wa Kichina walipokuja Muhimbili kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI. Katika miaka ya 1990 zikafuata zahanati za watu binafsi. Katika zahanati hizo Hsu aliona jambo la kuzingatiwa: wagonjwa wa Tanzania waliisifu dawa ya Kichina kwa sababu inafanya kazi upesi. Nilipokuwa Ulaya masomoni nilizoea kusikia kinyume chake, kwamba ni dawa ya upole inayokwenda taratibu. Dawa ni moja, sifa ni mbili, kwa kuwa dawa ilivuka bahari na darasa likabaki nyuma. Mnunuzi hupokea kidonge bila ya kujua fikra iliyokitengeneza, akakijazia maana yake mwenyewe. Na pale mnunuzi asipojua, ni rahisi muuzaji naye asiyejua apate riziki. Bara ilitunga Sheria Na. 23 ya mwaka 2002 ili kuwasimamia waganga wa tiba asili na tiba mbadala, na Zanzibar nayo ina sheria yake. Sheria hizo ni za lazima, lakini haziwezi kuchukua nafasi ya elimu.

Tufanye nini Unguja

Kutokana na hayo napendekeza mambo manne.

Kwanza, kila jina lifuatane na mmea. Tawi lenye jani, na ua au tunda likiwapo, likaushwe kati ya karatasi, liandikwe mahali na tarehe ya kuchumwa, jina la kienyeji na la aliyelitaja, kisha lipelekwe katika hifadhi ya mimea iliyokaushwa, kama ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kazi hii inaweza kuanzwa na mwanafunzi wa sekondari wa Makunduchi au Nungwi mwenye magazeti ya zamani na mawe mawili ya kukandamizia.

Pili, turudishe ijaza katika uganga wa miti. Mganga anayeheshimiwa akae na vijana wawili au watatu waliosoma biolojia, na mwisho aandike kwamba fulani amejifunza kwangu dawa hizi na hizi, na nimemwona akizitambua porini. Mamlaka ya usajili ikiutambua mlolongo huo, cheti kitakuwa na uzito kuliko kilivyo leo.

Tatu, siri ipewe haki yake ili isihitaji kufichwa. Mganga huficha kwa sababu anaogopa kunyang'anywa. Akihakikishiwa kwa maandishi kwamba jina lake litatajwa, na kwamba kikipatikana kipato jamaa zake watapata sehemu, hofu hiyo itapungua. Taasisi ya Dawa Asili ya Muhimbili, iliyoanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974, ni mfano kwamba watafiti na waganga wanaweza kufanya kazi pamoja.

Nne, tufundishe pia mipaka. Waswahili husema mganga hajigangi. Mwanagenzi afundishwe dalili za hatari, kama degedege, kupumua kwa shida na kutokwa damu nyingi, ambazo zikionekana mgonjwa hupelekwa hospitali saa ile ile. Na yule anayedai kwamba dawa yake moja hutibu kila kitu, huyo anapiga chuku kwa maana ile nyingine.

Hitimisho

Tumeona kwamba siri huulinda ujuzi na kisha huuzika pamoja na mwenyewe; mwalimu huupa uhai, lakini huwafikia wachache; darasa huueneza na kuupima, lakini huweza kuukausha. China imetumia karne nzima kujifunza kwamba mwalimu na darasa hawaachani. Sisi tunaweza kujifunza hayo kwa gharama ndogo zaidi, iwapo tutaanza wakati wazee bado wana nguvu ya kutembea hadi maweni. Akikuambia mzee mtoke alfajiri, toka naye.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kijiji au mtaa wako, ni nani anayejua miti ya dawa, na ni nani anayejifunza kwake?

2. Chagua mmea mmoja wa dawa unaoujua. Una majina mangapi? Je, kuna mmea mwingine unaofanana nao?

3. Mganga akikataa kufundisha dawa yake, je, ana haki? Toa sababu za pande zote mbili.

4. Kwa nini maji ndani ya sanamu ya shaba yalikuwa mtihani bora kuliko maswali ya mdomo? Fikiri mtihani wa namna hiyo kwa mwanagenzi wa Unguja.